Mkanda wa Tumbo Unapokwama, na Njia Zilizopo Baada Yake

Ndugu Mwenyekiti, madaktari na wauguzi wenzangu, na nyinyi wazazi na ndugu zangu mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza habari za matumbo ya watu, nawaamkia nyote na nawashukuru.

Naanza na usiku mmoja. Nilikuwa likizo hapa Unguja, nikitokea Uingereza ambako kwa miaka kumi na minne nimekuwa muuguzi katika kliniki ya upasuaji wa kupunguza uzito, kazi yangu kubwa ikiwa kuongeza na kupunguza maji katika mikanda ya tumbo, yaani pete zinazofungwa kwenye mfuko wa chakula ili mtu ashibe mapema. Simu ikalia saa tano ya usiku. Mama mmoja, naye amekuja kwa arusi ya mdogo wake, alikuwa amekula pweza pale Forodhani baada ya magharibi, na tangu hapo hakuna kilichoshuka. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kikombe cha plastiki mkononi, akitema mate ndani yake, kwa sababu hata mate yake mwenyewe yalikuwa hayamezeki. Daktari wa zamu, kijana makini na mwenye adabu, alikuwa amemuuliza ana maradhi gani ya zamani, naye akajibu kwa sauti ya kukatika, "Nina mkanda." Daktari akamwomba ruhusa, akampandisha nguo mgongoni, akatafuta malengelenge. Kwetu sisi mtu akisema hospitalini kwamba ana mkanda, basi ni mkanda wa jeshi.

Simlaumu hata kidogo. Mkanda anaousema mama yule hauwekwi hapa kwetu kwa kawaida, na watu wengi wanaouleta wameuwekewa Uingereza, Marekani, Ulaya au nchi za Ghuba, wengine miaka kumi na tano iliyopita. Linalosikika zaidi upande huu wa bahari ni puto, ambalo hospitali ya Mloganzila kule Dar es Salaam imekuwa ikiwawekea watu. Puto ni kitu kingine kabisa: linapitishwa mdomoni, linakaa ndani ya mfuko wa chakula kwa miezi kadhaa, kisha linatolewa. Mkanda unakaa nje ya mfuko, unawekwa kwa upasuaji, na aliyeuweka alikusudia ukae maisha yote. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukaa nao mpaka akasahau kuutaja, na daktari anaweza kumaliza mafunzo yake bila ya kuuona.

Basi niueleze. Ni pete ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, chini kidogo ya pale umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, unapoingilia, ikaacha juu yake kijifuko kidogo cha ujazo wa kijiko kimoja au viwili vya mezani. Upande wa ndani wa pete hiyo una mpira unaovimba. Kutoka kwenye pete unatoka mrija mwembamba unaopita ndani ya tumbo hadi kwenye kidude kidogo kilichoshonwa juu ya misuli, chini ya ngozi, ambacho mimi nitakiita kifungo, kwa sababu ukikipapasa ndivyo kilivyo, kigumu na mviringo kama kifungo cha koti kilichosahaulika ndani ya pindo. Sindano ikichomwa katikati ya kifungo na maji ya chumvi yakisukumwa, mpira unavimba na njia inakuwa nyembamba. Yakivutwa, njia inafunguka. Hakuna utumbo uliokatwa wala kugeuzwa njia. Huo ndio uliokuwa uzuri wake, na ndio uliowavutia watu.

Usiku ule, kwa idhini ya daktari wa zamu, nilikitafuta kifungo cha mama yule chini ya mbavu za kushoto, nikakipata kimelala sawasawa, nikasafisha ngozi, nikaingiza sindano wima mpaka nikasikia ncha imegota kwenye sahani ya chini. Maji yalianza kuja polepole ndani ya bomba la sindano, meupe na safi, mililita moja, tatu, tano, yakasimama kwenye saba. Hatukumfanya kitu kingine. Baada ya kama dakika kumi alicheua mcheuo mmoja mrefu, akaniangalia, akaomba maji. Alikunywa nusu gilasi kwa mafunda madogo madogo. "Kimeshuka, dada," akasema, na kikombe cha mate akakiweka chini ya kitanda.

Mambo yangeishia hapo kama ningekuwa mvivu wa kuuliza. Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho alitapika kabla ya usiku ule. Akacheka. Akasema hutapika mara tatu au nne kwa wiki, kwa muda wa miezi minane sasa, na usiku hulala ameegemea mito mitatu kwa sababu akilala chali maji machungu humpanda kooni na kumwamsha kwa kikohozi. Nikamuuliza mbona hakurudi kliniki. Jibu lake ndilo lililonileta mbele yenu leo: "Nilidhani ndivyo unavyofanya kazi."

Sivyo unavyofanya kazi. Mkanda uliokazwa vizuri humfanya mtu ashibe mapema na akae na shibe yake, haumtapishi. Kutapika ni kengele, kikohozi cha usiku ni kengele, na kiungulia kipya kwa mtu ambaye mkanda wake ulikuwa kimya kwa miaka ni kengele kubwa zaidi. Tatizo ni kwamba mtu aliyekuwa mnene maisha yake yote, aliyeambiwa na kila mtu kwamba kosa ni lake, huichukulia adhabu hiyo kuwa ni haki yake. Anatapika na anavumilia. Nimewaona watu wakivumilia kwa miaka.

Mkanda una historia fupi, na ndani yake yumo mtu wa upande wetu wa Afrika. Wa kwanza kuuweka mkanda wa silikoni unaoweza kukazwa na kulegezwa kwa maji huko Marekani, mwaka 1986, alikuwa daktari Lubomyr Kuzmak, wakati wenzake wa Uswidi nao wakishughulika na wazo lilo hilo. Lakini mwanzoni ilibidi tumbo lipasuliwe wazi. Aliyeuweka kwa mara ya kwanza kwa upasuaji wa matundu madogo, tarehe 1 Septemba 1993 katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, alikuwa Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyechunga mifugo utotoni kabla ya kuwa daktari bingwa. Kuanzia hapo mkanda ulienea kwa kasi Ulaya na Australia. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliuruhusu mwezi Juni 2001, na kufikia mwaka 2011 zaidi ya theluthi moja ya upasuaji wote wa kupunguza uzito nchini humo ulikuwa wa mkanda. Mwaka 2018 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 1.

Ulishuka kwa sababu ya muda. Upasuaji wenyewe ulikuwa salama sana, wengi walirudi nyumbani siku ya pili, na miaka miwili ya mwanzo ilipendeza. Miaka kumi ndiyo iliyosema kweli. Mwaka 2011 madaktari wa Brussels walichapisha habari za wagonjwa wao wa kwanza, waliowekewa mkanda kati ya 1994 na 1997. Kati ya 151 waliweza kuwapata na kuwachunguza 82. Asilimia 39 ya hao walikuwa wamepatwa na matatizo makubwa, na asilimia 60 walikuwa wamefanyiwa upasuaji tena. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba, pamoja na hayo yote, watu sita katika kila kumi walisema wameridhika.

Wenzao wa Melbourne, Australia, chini ya Profesa Paul O'Brien, walikuja na picha yenye matumaini zaidi mwaka 2013. Walikuwa na wagonjwa 3,227, na waliofika miaka kumi na tano walikuwa bado wamepoteza karibu nusu ya uzito wao wa ziada. Ukizisoma kurasa zao kwa makini, hata hivyo, utaona asilimia 43 walihitaji marekebisho ya aina fulani. Tofauti ya Melbourne haikuwa mkanda bora, kwa maana mkanda ulikuwa ni ule ule. Kwa maoni yangu mimi niliyekaa upande wa sindano, tofauti ilikuwa ufuatiliaji: mgonjwa anaitwa, anapimwa, anarekebishwa, mwaka baada ya mwaka, na watu wanaomjua. Huo ulikuwa mradi wa maisha, nao uliuzwa kwingineko kama bidhaa ya siku moja. Marekani, kati ya wazee na walemavu 25,042 waliowekewa mkanda kwa bima ya serikali kati ya 2006 na 2013, karibu mmoja katika kila watano alirudi kwenye upasuaji, na kila aliyerudi alifanyiwa taratibu za upasuaji karibu nne kwa wastani.

Sasa tuyaangalie matatizo yenyewe, na nitakaa zaidi kwenye yale yatakayokufikieni mlangoni.

La kwanza ni kuteleza. Sehemu ya mfuko wa chakula iliyo chini ya mkanda inapanda juu kupitia ndani ya pete, na kile kijifuko cha juu kinakuwa kikubwa na kuning'inia. Mbinu ya zamani ilipitisha mkanda ukigusana mno na ukuta wa mfuko. Madaktari walipobadilisha njia na kuupitisha mbali kidogo nyuma, kuteleza kulipungua sana, lakini hakukwisha. Eksirei ya kawaida ya tumbo na kifua yatosha kukutia shaka. Mkanda uliokaa sawa unaonekana kama bangili inayotazamwa kwa ubavu, umelala mshazari, ukielekea bega la kushoto. Ukiona umelala chali, au ukiona tundu la bangili wazi kama herufi ya O, mkanda huo umegeuka. Ndivyo ulivyokuwa wa mama wa pweza. Pweza hakuwa na kosa. Alikuta njia imeshaharibika.

Kuteleza kwingi kunatoa nafasi ya kufikiri. Maji yanatolewa yote, mgonjwa anakunywa vitu vya majimaji kwa siku kadhaa, kisha anapigwa picha akiwa anameza bariamu, dawa inayoonekana kwenye eksirei. Lakini mgonjwa mwenye mkanda anayelia kwa maumivu makali yasiyokwisha hata baada ya maji kutolewa, mwenye homa au moyo unaokwenda mbio, huyo hana nafasi. Mfuko wa chakula uliobanwa unaweza kukosa damu na kufa, na dawa ya vidonda vya tumbo haitamsaidia. Huyo ni wa chumba cha upasuaji usiku huo huo.

La pili ni mkanda kuula ukuta wa mfuko mpaka ukaingia ndani. Hili linakuja kimyakimya. Mgonjwa anasema mkanda umeacha kufanya kazi, anakula kama zamani na uzito unarudi. Au, na hili naomba wauguzi wa vidonda mlikumbuke, anakuja na usaha kwenye ngozi juu ya kifungo, miaka mingi baada ya upasuaji. Anapewa viuavijasumu, panakauka, panarudi. Maambukizi ya kifungo yanayochelewa hivyo ni ya kutilia shaka kwamba mkanda umeshatoboa ndani na vijidudu vinafuata mrija kama njia ya panya, mpaka kamera ya tumbo ithibitishe vinginevyo. Mkanda wa namna hii haujazwi tena, wala haurekebishwi. Unatolewa. Ukiwa umeingia zaidi ya nusu, wenye vifaa wanaweza kuukata kwa waya kupitia kamera na kuutoa mdomoni. Usipofikia hapo unatolewa kwa matundu madogo na ukuta unashonwa.

La tatu ni umio kupanuka. Umio ukisukuma chakula kwa miaka dhidi ya mlango uliobanwa, huchoka, hulegea na kuwa mfuko. Watu hawa wana kikohozi cha usiku, nimonia za kurudia na pumu isiyoeleweka, na wengi wao wanazunguka kwenye kliniki za kifua bila ya mtu kuuliza habari ya tumbo. Heri yake ni kwamba umio mara nyingi hurudi katika hali yake mkanda ukilegezwa mapema. Ukichelewa sana, sina ahadi.

Matatizo ya kifungo na mrija ni mengi lakini madogo: kifungo kimepinduka na sindano haiingii, mrija umechomoka au unavuja. Hayo yanatengenezwa bila ya kuugusa mkanda.

Nataka kuwa mkweli, kwa hiyo niseme na langu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naongeza maji kwa urahisi mno. Mgonjwa anakuja, uzito umeongezeka kilo nne, anasema mkanda umelegea, nami naongeza mililita moja. Anarudi baada ya mwezi, uzito umeongezeka tena, naongeza tena. Ilinichukua muda kujifunza kuuliza swali moja tu: jana ulikula nini, kitu kwa kitu? Mmoja alinijibu kwamba nyama haipiti, mkate haupiti, wali haupiti, kwa hiyo jana alikunywa faluda mbili, akala aiskrimu na biskuti alizochovya kwenye chai. Mkanda wake haukuwa umelegea. Ulikuwa umebana kupita kiasi, umefunga mlango kwa chakula cha maana na kuuacha wazi kwa sukari. Tiba yake ilikuwa kutoa maji, na mimi nilikuwa namwongezea. Nimekaza mikanda ambayo leo nisingeikaza, na sidhani kwamba niko peke yangu.

Kabla sijafika kwenye marekebisho, kuna jambo moja la dharura ambalo ningependa mtu asitoke humu bila nalo. Akiba ya vitamini B1, yaani thayamini, mwilini haidumu zaidi ya wiki chache. Mtu aliyetapika kwa wiki tatu, awe na mkanda, awe na mimba changa, anaweza kuwa amekwisha kuimaliza. Ukimtundikia dripu ya glukosi bila ya kumpa thayamini kwanza, sukari ile inaimaliza kabisa akiba iliyobaki, na ubongo ndio unaolipa. Macho yanachezacheza, anapepesuka kama mlevi, anachanganyikiwa, na huenda kumbukumbu zisirudi. Thayamini kwa sindano, halafu glukosi. Dawa yenyewe ni ya bei nafuu na inapatikana.

Sasa, mkanda umeshindwa, nini kinafuata? Wagonjwa huja wakiuliza ni upasuaji gani ulio bora. Mimi huwaomba tuanze na sababu ya kushindwa, kwa maana hiyo ndiyo inayochagua.

Njia ya kwanza ni kuurudisha mkanda mahali pake au kuweka mpya. Zamani ilifanyika sana. Siku hizi madaktari wengi wanaisita, na mimi naona wana haki, kwa sababu mkanda uliomshinda mtu mara moja mara nyingi humshinda tena. Njia ya pili ni kuutoa na kuacha hapo. Kuna watu inawafaa: mwenye umri mkubwa, mwenye maradhi yanayoufanya upasuaji mwingine kuwa hatari, au aliyechoka tu na anataka kula na wajukuu zake kwa amani. Wajue tu kwamba wengi wao uzito hurudi, na njaa hurudi kabla ya uzito. Kumtoa mtu mkanda na kumwambia "sasa jitahidi" ni kumwacha katikati ya bahari.

Njia ya tatu ni kuubadilisha upasuaji. Hapa ziko mbili zinazotumika zaidi. Moja ni kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuacha kipande chembamba mfano wa mkono wa shati. Ni upasuaji mwepesi zaidi kati ya miwili hiyo, haugeuzi njia ya utumbo, lakini unaweza kuleta kiungulia au kukizidisha. Ya pili ni baipasi, ambapo kijifuko kidogo cha juu kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, na chakula kinaupita mfuko mkubwa kando. Baipasi inatuliza kiungulia na kwa wengi inapunguza uzito zaidi, ila inadai vitamini na vipimo vya damu maisha yote, na mtu akila sukari nyingi, ikishuka ghafla kwenye utumbo inamletea jasho, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Kwa hiyo mtu ambaye mkanda umemwachia kiungulia kikali na umio uliochoka, kumkata mfuko ukawa mkono wa shati ni kumtoa kwenye moshi na kumtia jikoni. Huyo baipasi inamfaa zaidi. Ambaye hana kiungulia, au ambaye utumbo wake una makovu mengi ya upasuaji wa zamani, anaweza kufaa kwa ile ya kwanza.

Swali la wakati lina uzito sawa na swali la aina. Je, mkanda utolewe na upasuaji mpya ufanyike siku hiyo hiyo, au isubiriwe? Mkanda ukikaa miaka, mwili unauzungushia kovu gumu kama gamba, na mfuko wa chakula ulioshonwa juu ya pete unakunjika humo humo. Daktari asipolikata gamba lile na kuikunjua mikunjo ile kwa subira, vibanio vyake vya kufungia mfuko vitapita kwenye ukuta mnene uliolala mara mbili, na hapo ndipo uvujaji unapoanzia. Mkanda uliokuwa ukikaa vizuri, usio na maambukizi, unaweza kubadilishwa kwa mara moja kwenye mikono yenye uzoefu. Mkanda ulioula ukuta, au ulioteleza na kuacha mfuko umevimba, unatolewa kwanza, na mgonjwa anasubiri miezi mitatu au zaidi. Kusubiri kunaudhi, uzito unapanda njiani, na wagonjwa wanalalamika. Hata hivyo, upasuaji wa marudio una hatari zaidi kuliko wa kwanza, na sijapata kuona mgonjwa aliyejuta kwa miezi mitatu kama anavyojuta aliyevuja.

Mtaniuliza habari ya sindano. Naona hata nyuma huko mmeinua vichwa. Dawa hizi za semaglutaidi na tirzepataidi, ambazo wengi mnazijua kwa majina ya Ozempic na Mounjaro, zimebadilisha mazungumzo. Kwa mtu aliyetolewa mkanda na anayesubiri, au asiyetaka kisu tena, zinaweza kuzuia uzito usirudi wote. Zinafanya kazi kwa kupunguza njaa na kuchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo mtu mwenye mkanda uliokazwa asijichome kienyeji, kwa dawa ya kuagizia kwa rafiki, kwa sababu kutapika juu ya kutapika ndiko kunakotelezesha mkanda. Nazo zikiachwa, uzito kwa kawaida unarudi. Bei yake nyinyi mnaijua kuliko mimi.

Nimalizie na mambo ya hapa kwetu. Mwezi wa Ramadhani unanitia wasiwasi kuliko miezi mingine, si kwa sababu ya kufunga, bali kwa sababu ya kufuturu. Mtu amekaa na njaa tangu alfajiri, adhana inalia, na mbele yake kuna mkate wa kumimina, mihogo ya nazi na nyama ya kukauka, vitu vyote ambavyo mkanda hauvipendi, na anavila kwa haraka. Aanze na maji au uji mwepesi, asubiri, kisha ale matonge madogo ayatafune mpaka yalainike. Pia kadi ya kliniki ya wajawazito iwe na habari hii: mwenye mkanda akipata mimba na akatapika sana, maji yatolewe mapema. Na kabla ya upasuaji wowote wa kulazwa usingizi, mwambieni mtu wa dawa ya usingizi, kwa sababu chakula cha juzi kinaweza kuwa bado kimekaa kwenye umio.

Sindano inayotakiwa kwa kifungo ni ile isiyokata, yenye ncha iliyopinda, ili isiharibu mpira wake. Ikikosekana na mtu yuko taabani, tumieni sindano nyembamba ya kawaida. Kifungo kilichoharibika kinabadilishwa. Mfuko wa chakula uliokufa haubadilishwi.

Mama yule alirudi Uingereza, akatolewa mkanda kwa matundu madogo, na ameshauriwa baipasi kwa sababu ya kiungulia chake. Bado hajaamua. Anasema kwanza anataka kulala kwa mto mmoja. Alinipa kijisanduku cha sindano zile zenye ncha iliyopinda nikilete hapa, nami nimemkabidhi dada msimamizi wa chumba cha dharura. Ndani zilikuwa kumi. Asubuhi hii, nilipokuwa napita, daktari yule wa zamu ameniambia zimebaki tisa.